Uongo wa Mraba wa Nne

Ting, ting, ting. Kijiko kilikuwa kinazunguka ndani ya kikombe taratibu, kama cha mtu anayeogopa kuiamsha sukari. Mama Kidoti aliusikia mlio huo gizani, akatabasamu bila kufumbua macho. Mumewe alikuwa ameamka kabla ya jogoo, anakoroga chai kwa adabu ili asimwamshe mtu.

Ndugu zangu, nyumba ambayo mtu hukoroga chai hivyo ina mapenzi ndani yake. Nalisema hili mapema kwa sababu balaa ninalotaka kuwasimulia halikuletwa na mlevi wala na mpiga mke. Lililetwa na watu wema, wenye tabia moja tu ambayo huenda na wewe unayo, na hata hujawahi kuihesabu kuwa tabia.

Miguu midogo ikapita sakafuni. Kidoti, binti yao wa pekee, alikuwa amesimama kwenye pazia.

"Baba, unaenda baharini?"

"Nani, mimi? Siendi popote, mama. Nakunywa chai, halafu narudi kulala. Haya, kalale."

Mtoto akarudi kitandani ameridhika. Muda si muda mlango ukafungwa polepole, na kijiko kikabaki kwenye kikombe kitupu.

Mama Kidoti akajigeuza upande wa pili. Angesema nini? Mtoto akiambiwa ukweli angelia, na akilia angeamsha majirani. Uongo ule ulikuwa mdogo, tena wa huruma. Nyumba yao ilikuwa imejaa wa namna hiyo. Mume alikuwa fundi friji, na mteja akipiga simu aliambiwa, "Friji yako iko njiani, bosi," ilhali imelala chini ubavu wazi, mota iko mezani. Mke alikuwa fundi cherehani. Yeye alikuwa na lake: "Njoo kesho, dada, imebaki vifungo tu." Kitambaa hakijaguswa na mkasi! Wenyewe waliyaita maneno ya kusogezea siku. Walikuwa wakicheka nayo usiku kabla ya kulala.

Siku hizo mji wao ulikuwa na mashindano ya kuvua kwa mshipi kwenye boti ndogo, siku nne mfululizo. Kila boti ilibeba watu wawili, na hesabu haikuwa ya uzito wa samaki bali ya aina. Ukivua changu ishirini, umevua changu. Unapewa alama ya changu mmoja. Ukileta aina ambayo mwenzako hana, hapo ndipo unampita. Siku ya kwanza ilikuwa ya upepo. Siku ya pili mvua ilipiga mpaka boti zote zikafungwa gatini, na wavuvi wakakaa wakitafunana kwa maneno. Aliyeongoza alikuwa muuza rangi mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, wanamwita Kopo. Baba Kidoti, ambaye mjini wote walimwita Fundi, alikuwa wa pili, akivua pamoja na mdogo wake, kinyozi.

"Vipi, Fundi?" Kopo alimrushia mbele za watu. "Mbona samaki wako hawaji? Au umewagandisha huko huko chini?"

Watu walicheka. Fundi naye alicheka, lakini mkewe aliyemjua aliona shingo yake imekaza.

Jioni hiyo akamwambia siri. Kulikuwa na mwamba nje kabisa, mbele ya mstari ambao kamati ilikuwa imeuchora kwenye ramani. Mwamba huo hakuna aliyeujua ila yeye na mdogo wake. Samaki wa kila aina walikuwa wamejaa pale, ndiyo maana wakaubatiza jina la Jikoni.

"Lakini si wamesema kesho hakuna kupita mstari?" mke akauliza. "Mawimbi ya nje ni makubwa."

"Wamesema. Na Kopo naye atabaki ndani kama kuku bandani. Mimi nikiulizwa redioni nitajibu niko mraba wa nne, ndani ya mstari. Wewe uko kwenye meza ya ramani, weka alama yangu kwenye mraba wa nne, basi. Nani atapungukiwa nini?"

"Baba Kidoti..."

"Niapie hutasema."

Akaapa. Kidoti alikuwa pale chini ya meza akimvika mwanasesere kipande cha kitambaa, na wao, kama wazazi wengi, walidhani mtoto anayecheza hasikii.

Basi asubuhi ile, baada ya mlio wa kijiko, Mama Kidoti alimvalisha binti yake koti, wakaenda kazini. Alikuwa amejitolea kusaidia kwenye chumba cha redio, kilichokuwa juu ya ghala la chama cha wavuvi. Kilinuka makoti mabichi na dagaa wa chambo. Mezani palilazwa ramani ya bahari chini ya karatasi ya nailoni, imegawanywa miraba, na juu yake vifuniko vya soda vilivyopakwa namba, kimoja kwa kila boti. Boti ikitaja ilipo, kifuniko chake kinasogezwa.

Mkuu wa chumba alikuwa bibi mmoja mkavu, mstaafu wa kuunganisha simu za watu enzi za waya, wakimwita Bibi Simu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mjukuu wangu amekuja kutusimamia? Kaa hapo, mama, uchore."

Zamu ya kwanza ya kuita boti ilienda vizuri. Moja, salama. Mbili, salama. Kopo akajitangaza kama muuza mnadani. Kisha ikaja sauti ya Fundi, imechanganyika na mkwaruzo.

"Boti tisa. Mraba wa nne. Salama."

Mama Kidoti akakichukua kifuniko namba tisa. Vidole vilivyozoea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano vikakipapasa ukingo. Akakiweka kwenye mraba wa nne.

Bibi Simu akainamisha kichwa kama ndege anayesikiliza mnyoo.

"Mumeo anasikika kutoka mbali leo."

"Labda ni betri, Bibi."

"Labda." Bibi akamtazama. "Mimi nimeunganisha watu miaka mingi, mwanangu. Nikisikia sauti tu najua huyu yuko sebuleni na huyu amejificha chooni."

Wakacheka. Lakini oneni, jamani: saa chache tu zilikuwa zimepita tangu mtoto adanganywe kwenye pazia, na sasa palikuwa na uongo mwingine juu ya meza, na mwingine wa betri juu ya huo. Uongo haukai mseja. Ukiukaribisha mmoja, kesho unaleta mume na wakwe.

Karibu na adhuhuri dirisha lilianza kupiga kelele kwenye fremu yake. Upepo uligeuka. Bahari iliyokuwa ya kijivu ikawa nyeupe kwenye mgongo wa kila wimbi, na mvua ikaja imelala kama nguo kwenye kamba. Bibi Simu hakungoja kamati. Akabonyeza kitufe.

"Boti zote, boti zote, rudini. Narudia, rudini sasa hivi. Nitajieni mlipo."

Zikajibu moja moja. Ilipofika zamu ya tisa, mkwaruzo ulikuwa mrefu.

"Boti tisa... mraba wa nne... tunakusanya... tunarudi." Nyuma yake ikasikika sauti nyingine ikipiga kelele, sauti ya kinyozi, maneno hayakukamatika. Kisha kimya.

"Boti tisa, rudia."

Kimya.

Boti zilianza kuingia gatini, watu wakiruka wamelowa hadi mifupa. Mama Kidoti alizihesabu kupitia kioo kilichokaukiwa na chumvi. Nyingine zote ziliingia. Yake haikuingia.

"Boti ya uokoaji, nendeni mraba wa nne," Bibi akaagiza. "Namba tisa haijibu."

Hapo ndipo pa kusema. Mimi na wewe tunalijua hilo, tumekaa pakavu. Lakini yeye moyo ulimwambia: ngoja kidogo. Pengine yuko njiani, atatokea sasa hivi. Ukisema, anafukuzwa kwenye mashindano, Kopo atamcheka mpaka kaburini, na wewe uliapa. Ngoja kidogo tu. Akashika ukingo wa meza, akangoja. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini nani hukumbuka wahenga akiwa ana aibu?

Nahodha wa uokoaji akaita. "Tuko mraba wa nne. Hatuoni kitu. Tunazunguka."

Wakazunguka. Dirisha likapiga. Wakaita tena: "Hakuna boti, hakuna ndoo, hakuna mtu. Bibi, hapa naona ni mambo mabaya. Nadhani wamezama."

Bibi Simu akavua miwani, akaifuta kwa kanga yake, akaivaa. "Endeleeni kutafuta hapo hapo. Kama wamezama, watakuwa chini ya miguu yenu."

Kidoti akainua uso kutoka kwenye karatasi yake.

"Bibi, baba yuko jikoni."

Bibi akajaribu kutabasamu, maskini, kwa ajili ya mtoto. "Yuko jikoni, mjukuu wangu? Basi akimaliza atuletee na sisi chai."

"Hapana. Jikoni ya samaki."

Mama Kidoti akasikia kitu kinakatika ndani yake, kama uzi unapokatika cherehani ikiwa mbioni. Akanyoosha mkono juu ya ramani, akakichukua kifuniko namba tisa, akakivusha miraba, akakivusha mstari wa kamati, akakiweka nje karibu na ukingo wa meza.

"Wako hapa, Bibi. Kuna mwamba. Tangu asubuhi wako hapa."

Nani angemlaumu Bibi kama angempiga kofi? Hakumpiga. Hata kumuuliza hakumuuliza. Alimsukumia kipaza sauti cha redio.

"Sema mwenyewe. Wataamini zaidi."

"Kila mtu atasikia."

"Ndiyo maana yake."

Akabonyeza. Sauti yake ilitoka kwanza nyembamba kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Boti ya uokoaji... Namba tisa haiko mraba wa nne. Haijawahi kuwa mraba wa nne leo. Iko nje ya mstari, kwenye mwamba, mashariki kabisa ya mnara wa taa, mpaka mnara uonekane kama njiti. Mume wangu alidanganya. Na mimi mke wake nilijua, nikaweka alama ya uongo. Nawaombeni, waendeeni huko."

Gatini, ambako kila boti ilikuwa na redio yake wazi, watu walisimama na kamba mikononi. Kisha ikavuma sauti ya kengele, safari hii bila mzaha hata chembe.

"Shemeji, ni mimi, Kopo. Niko hapa gatini na injini bado ina moto. Hao wa uokoaji wako mbali na huko, mimi niko karibu. Nielekeze tena, taratibu. Mnara niuweke bega gani?"

"La kushoto, shemeji. Bega la kushoto."

"Nimesikia. Usilie sasa, lia baadaye. Endelea kuongea na mimi."

Akaongea naye. Alimweleza kila alichowahi kusikia mumewe akijisifia usiku: mkondo unavyovuta, maji yanavyobadilika rangi, mawimbi yanavyovunjika mahali pasipo na kitu cha kuyavunja. Siri yote ya Jikoni ikamwagika hewani, wavuvi wote wakasikiliza, na hakuna hata mmoja aliyeiandika.

Muda ule ulikuwa mrefu kuliko uchungu wa kuzaa, na anayesema hivi amewahi kuzaa.

"Nimeiona!" Kopo akapayuka. "Imepinduka, tumbo juu. Mtu mmoja... ngoja... Wawili! Wawili, shemeji! Wako juu yake!"

Mama Kidoti akakaa chini sakafuni, akamkumbatia binti yake mpaka mtoto akalalamika kuwa anabanwa.

Wote wawili walirudi hai. Lakini msipige vigelegele bado.

Mambo yalivyokuwa, kinyozi aliyasimulia kesho yake akiwa kitandani hospitali. Upepo ulipogeuka, nanga yao ilikuwa imenasa kwenye mwamba. "Nikamwambia, kaka, kata kamba twende. Akasema subiri, kuna samaki ameshika, ni aina mpya, huyu ndiye wa kumpita Kopo. Nikamwambia basi waambie tulipo. Akawaambia mraba wa nne." Wimbi likaja kwa nyuma, boti ikapinduka, redio ikaenda chini. Kinyozi aliuzungushia mkono wake wa kulia kamba ya nanga ili mawimbi yasimchukue, na kila wimbi liliikaza kamba hiyo. Fundi alijaribu kuilegeza kwa meno. Wakati wote huo, boti ya uokoaji ilikuwa inazunguka mahali ambapo hakuna mtu.

Daktari alisema kwa upole. Mkono umebaki, ila vidole vitatu havitafaa tena, damu haikuvifikia kwa muda mrefu mno. Wangefikiwa mapema, vingepona. Vidole vya kushikia mkasi, vya mtu ambaye mkasi ndio ulikuwa shamba lake.

Fundi alikuwa ameketi pembeni, midomo imepasuka kwa chumvi. Akamvuta mkewe karibu.

"Kamati wanakuja kuniuliza," akanong'ona. "Nitawaambia injini ilizima, mkondo ukatutoa nje. Wewe useme ulichanganyikiwa kwa hofu. Tutaonekana tuna bahati mbaya tu."

Mama Kidoti alimtazama mwanaume anayempenda.

"Maneno ya kusogezea siku, Baba Kidoti?"

"Ni ya mwisho. Naapa."

"Mtazame mdogo wako, halafu uniambie tena kuwa nani atapungukiwa nini."

Fundi hakuweza kumtazama. Aliinamia magoti yake, mabega yakaanza kutikisika, na kinyozi kitandani akamwambia, si kwa hasira, bali kwa uchovu, "Kaka, waambie tu. Mimi nimechoka kuwa mraba wa nne."

Kamati walipoingia, akawaambia. Alianzia kwenye mwamba akarudi nyuma mpaka kwenye wateja wa friji, watu hawakumuuliza hayo, lakini alipoanza hakuweza kusimama. Wakamfungia kushiriki. Kopo naye alipoteza ushindi, maana siku ya mwisho injini yake iliyopigwa na mawimbi haikuwaka. Alipoulizwa kama ana kinyongo alisema, "Kinyongo cha nini? Nimevua wawili wa aina ambayo hakuna mwenye nayo."

FUNZO

Wenzangu, wazazi hasa. Tumezoea kuwaogopa waongo wakubwa, wanaoiba na kughushi, na uongo mdogo tunaulea wenyewe. Njoo kesho, imebaki vifungo. Niko njiani. Betri mbovu. Tunaona maneno hayo hayana mwenye kuumia. Lakini mtu akishazoea kusema hayupo mahali alipo, siku atakayohitaji kutafutwa atatafutwa mahali asipokuwepo. Na mara nyingi si yeye anayelipa. Hulipa aliyekaa naye boti moja. Ukweli una aibu yake, sikatai, ila aibu ya ukweli ni ya mchana mmoja. Kama kuna uongo mdogo unaoulea nyumbani kwako, usingoje upepo ugeuke.

Na msikate tamaa na watu hawa, maana wanajifunza. Nilipita kwao juzi. Mama Kidoti sasa amebandika ukutani tangazo: "Kazi inachukua wiki mbili", na wateja wananung'unika lakini wanarudi. Kinyozi anajifundisha kukata kwa mkono wa kushoto, na kichwa cha kujifunzia ni cha kaka yake. Nilimkuta anamaliza. Alirudi nyuma hatua moja, jasho linamtoka, mkasi bado uko hewani, akatuangalia sote kwa macho yale ya kuomba.

"Mnaonaje?"

Fundi alijipapasa kisogo. Mama Kidoti akafungua kinywa, nami nilijua kabisa neno tamu lililokuwa linakuja, kwa sababu hata mimi nilikuwa nalo ulimini. Kidoti akamzunguka baba yake, akachungulia nyuma ya sikio, akasema kwa sauti:

"Huku kumepinda, baba mdogo."